Vidonge vya Shombo

Mwigobero, Musoma
9 Januari 2024

Mdogo wangu Shani,

Salamu zangu utazinusa kabla hujazisoma, maana barua hii nimemkabidhi konda ikiwa ndani ya kiroba cha dagaa. Ningekupigia simu, lakini masikio yangu na simu haviivani tena, na hata mwanangu Said akikupigia kwa niaba yangu, simu yako anapokea mumeo. Basi tuandikiane kama zamani, ulipoolewa Bunda ukalia mwaka mzima.

Habari yenyewe ni kwamba nina sukari. Usianze kulia. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, nikaenda kliniki, wakanitoboa kidole, wakatazamana. Nesi mmoja anaitwa Tabitha, binti mwenye adabu, akanipa kopo la vidonge na maneno mengi. Mengi sikuyasikia. Niliitikia tu, si unajua kiziwi anavyoitikia.

Sasa ngoja nikwambie uchafu ulionipata. Nilimeza asubuhi tumbo tupu, nikaenda sokoni. Nikiwa katikati ya kumpimia mteja, tumbo likanguruma kama injini ya mtumbwi. Shani, mimi, mama wa watu, Hajati mtarajiwa, nilikimbia nimeshika kanga kwa nyuma na sikufika. Wanawake wenzangu wakatazama pembeni kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyoniuma. Ikawa hivyo kila siku: kuhara, gesi, na mdomoni ladha ya msumari. Hata ugali ulinitia kichefuchefu.

Hilo ningelivumilia, dawa ni dawa. Lakini jana nimefungua kopo nikalisogeza puani. Vinanuka shombo! Wala si shombo ya samaki aliyetoka majini, hiyo kwangu ni manukato. Ni ile ya dagaa walionyeshewa mvua, wakafunikwa turubai, wakasahauliwa. Unajua pua yangu. Wachuuzi wa hapa wakibishana kama mzigo umeoza wananiitaga mimi ninuse, na nikisema umeoza, umeoza. Kliniki yenyewe iko jirani na vichanja vya kuanikia. Dawa zimelala na dagaa mpaka zimeharibika, na hao watu wanagawa tu. Ndiyo maana nimeharishwa! Nimevimwaga chooni vyote. Nadhani hata nzi wa kule wamehama.

Said sijamwambia, atanipigia makelele. Nasikia shemeji anauza unga wa mizizi unaoshusha sukari. Nitumie.

Dada yako,
Tausi

*

Bunda
13 Januari 2024

Dada yangu mpenzi Tausi,

Nimeisoma barua yako nimeziba pua kwa mkono mmoja na kufuta machozi kwa mwingine. Hajati mtarajiwa! Mungu akusitiri. Na hao wa kliniki, loh, kumpa mtu dawa iliyooza?

Kopo limo ndani ya mfuko huu, limefungwa kwa kanga yangu. Shemeji yako Abdulsalam siku hizi karafuu na udi anauza kwa mazoea tu. Wateja wote wanataka Unga wa Faraja. Mizizi anaifuata mwenyewe milima ya Butiama, na magadi meupe ya hukohuko. Mimi natwanga, nachekecha, nachanganya na karafuu na hiliki. Utaona unavyonukia.

Koroga kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, katika maji ya uvuguvugu. Ukitokwa na jasho na mikono ikitetemeka usiogope. Abdulsalam anasema hiyo ndiyo sukari inatoka. Iliingia kwa mdomo, sasa itokee wapi kama si kwa ngozi?

Mdogo wako,
Shani

*

Mwigobero, Musoma
6 Februari 2024

Shani wangu,

Imeshuka! Nimepima kwa kijana wa duka la dawa, akapima tena, akaniuliza nakula nini. Nikamwambia nakula karafuu.

Kile kitu kinanukia, mdogo wangu, mpaka naona haya kukiita dawa. Tumbo limetulia. Nimerudi sokoni na kichwa changu juu, na aliyekuwa ananitazama pembeni sasa ananitazama usoni.

Jasho linatoka, tena si mchezo. Saa nne hivi asubuhi nalowa kama nimetumbukia ziwani, mikono inacheza ngoma, moyo unakimbia, na njaa inanishika ambayo ningekula hata kiroba. Hasira nazo! Juzi nilimrushia mteja kipande cha kayabo, samaki wa chumvi, usoni, na sikumbuki alisema nini. Nikajilamba mkono kuonja hiyo sukari inayotoka. Ni chumvi. Muulize shemeji ni sukari gani hiyo ya chumvi.

Said amejua, na amekuwa polisi. Nyumba ina chupa mbili za chai: nyekundu ni yangu, haina sukari, ya bluu ni ya wenye afya zao. Mkwe wangu Gati akikaribia na bakuli la sukari anafukuzwa kama paka. Maskini, mpole yule. Mimi mwenyewe nimemgombeza mpaka natamani kujipiga kofi, na sijui hasira inatoka wapi.

Lakini imeshuka. Homa ikishuka tunashukuru, presha ikishuka tunashukuru, basi na hii tumshukuru Mungu.

Dada yako,
Tausi

*

Bunda
11 Februari 2024

Dada Tausi,

Abdulsalam amecheka kwa hiyo chumvi mpaka akakaa chini. Anasema chumvi hutangulia, sukari hufuata.

Barua yako ameisoma dukani mbele ya watu waliotoka hadi Bugwema, nao wamenunua palepale. Ameandikisha lebo mpya: "Bi Tausi wa Mwigobero amepona." Umekuwa mtu mashuhuri. Mimi sikupenda asome ile ya kayabo, lakini mume akishafurahi utamzuiaje?

Kopo jingine hili.

Shani

*

Butiama
26 Februari 2024

Mama mdogo Shani,

Shikamoo. Ni mimi Gati, mke wa Said. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa baba yangu kwa sababu Said amenirudisha. Amesema nimetaka kumuua mama kwa sumu. Naomba unisikilize wewe, maana wengine wote wamekataa.

Mama huwaga anakunywa chai ya chupa nyekundu. Jumatano asubuhi nilikuwa naosha chupa zote mbili, mtoto akalia, nikazichanganya. Chai ya sukari ikaingia chupa nyekundu. Sikujua, mama mdogo, nakuapia.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa. Akaanza kuloa. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye ungo. Nikamuuliza kitu, akanijibu kama mlevi, akaniita Shani, akaniambia nimfungulie mbuzi. Hatuna mbuzi. Midomo imekuwa myeupe, na macho yananitazama lakini hayanioni. Niliogopa, nikamimina chai, nikamshikilia kikombe. Alikunywa chote. Akaninyang'anya chupa akamimina kingine mwenyewe.

Haukupita muda akakaa sawa. Jasho likakata. Akaniuliza, "Gati, mbona unalia?"

Said akaingia, akaonja chai. Akaimwaga nje yote. "Wee Gati, umempa mama nini? Hii si ndiyo sumu yenyewe!" Mama alijaribu kunitetea lakini hakuwa anakumbuka kilichotokea, sasa atanitetea na nini? Kesho yake nikapandishwa pikipiki na begi langu.

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Kama sukari ni sumu yake, mbona alipokunywa ndipo aliponiona? Nimemuua mama polepole au nimemfanya nini? Wewe nyumba yako ndiyo ya dawa, niambie.

Na baba yangu anakusalimia. Anauliza mume wako anachimba mizizi kilima kipi, kwa sababu hapa wanajuana wote wanaochimba dawa, na hajawahi kumsikia.

Ni mimi binti yako,
Gati

*

Bunda
3 Machi 2024

Dada yangu Tausi,

Natumaini hujambo. Barua hii ni fupi, nina kazi nyingi.

Unga umekwisha. Mizizi haipatikani tena, jua limekuwa kali, basi tu, umekwisha. Kama kopo lako lina kilichobaki usikinywe, maana unga ukikaa unaingia ukungu. Umwage. Mwezi wa mfungo ndio huo unakaribia, rudi kliniki ukaongee na yule nesi wako. Na ukitetemeka, kunywa chai yenye sukari, tena nyingi. Usiniulize kwa nini.

Mwambie Said amrudishe mkewe. Gati hana kosa.

Mimi nimeacha kutwanga. Mikono inaniuma.

Shani

*

Mwigobero, Musoma
15 Machi 2024

We Shani,

Hivi ni lini ulianza choyo? Unga umekwisha! Mumeo alikuwa Musoma Jumapili iliyopita, kaja mwenyewe mpaka kwangu na kopo kubwa, kanikabidhi kwa mikono miwili. Kanipiga na picha nimelishika. Nilipomwambia barua yako inasema umekwisha, akacheka: "Shani huyo, anaogopa wateja hawatapata. Dada, kwako wewe hauwezi kuisha."

Kwa hiyo unamnyima dada yako ili umuuzie mtu wa Bugwema. Sawa. Ungesema tu. Tena unaniambia ninywe chai ya sukari nyingi! Said nilipomsomea alisema mama mdogo naye kachanganyikiwa, labda katiwa maneno na Gati. Kwa Gati tuko bado, Said ana kichwa kigumu kama cha baba yake.

Kliniki siendi. Nikakae foleni nipewe tena dagaa waliooza?

Nafunga, alhamdulillahi. Nimeona kutwa ni ndefu na dawa siwezi kunywa mchana, basi nimepanga mwenyewe: vijiko vyote viwili nakunywa wakati wa daku, vinishike mpaka magharibi. Huu wa sasa una nguvu zaidi, shemeji kasema kauboresha. Jasho linaanza kabla ya adhuhuri. Nalala tu kwenye mkeka, naliacha litoke.

Haya, futari njema. Nimekukasirikia, lakini nimekutumia sato mkavu, maana kukasirika ni kukasirika na ndugu ni ndugu.

Dada yako,
Tausi

*

Musoma
20 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Mama yuko hospitali. Jana kabla ya adhuhuri nilimkuta sakafuni, amelowa chapachapa, anakoroma, taya zimekaza, mguu mmoja unapiga ukuta. Nilijua ni sukari imepanda. Nikakamua limau nikampitishia kwenye fizi, maana limau inakata sukari. Jirani ndiye aliyesimamisha bajaji.

Sasa sikiliza ujinga wa watu wa huku. Wamempima, wakakimbizana, wakamtundikia dripu ya sukari! Nimeisoma mwenyewe pale kwenye chupa. Mgonjwa wa sukari anatiwa sukari kwenye mshipa! Nikasema nitaing'oa, wakanitoa nje. Alifumbua macho usiku, alfajiri akazama tena, wakamwongezea nyingine. Wanamuua, mama mdogo, na mimi natazama.

Nimepiga simu kwako, baba mdogo kapokea. Amesema nisiwaamini, na atatuma kopo la unga kwa basi la mchana, nimwingizie kwenye uji bila wao kuona. Nakuomba uhakikishe lisichelewe. Barua hii nimempa konda wa asubuhi akupe mkononi.

Said

*

Stendi, Bunda
20 Machi, mchana

SAID,

KOPO LIMETOLEWA NDANI YA BASI. Ninalo mimi. Usimpe mama kitu chochote kilichotoka kwetu, hata kama baba yako mdogo atakileta kwa miguu yake.

Sukari haikupanda. Imeshuka, imepita chini ya inapotakiwa, na huko chini ndiko mtu anakofia. Hiyo dripu ndiyo inayomshikilia. Ukiing'oa utakuwa umemzika.

Unga una vidonge ndani. Ni vidonge vya sukari vya dukani, vimesagwa. Nakufungia karatasi moja tupu ya vidonge hivyo, jina la dawa limeandikwa nyuma. Mpe daktari SASA HIVI, umwambie alikunywa vijiko viwili vya daku bila kula vizuri, na kwamba hatujui kijiko kina vidonge vingapi. Wataelewa kwa nini anazama tena akishaamka: dawa hii haitoki mwilini upesi. Wasimruhusu kwenda nyumbani mapema.

Soma tena barua hii kabla hujanichukia. Ukimaliza, nenda Butiama ukamwombe mkeo radhi.

Shani

*

Bunda
2 Aprili 2024

Dada yangu,

Said amenitumia neno kwamba umekaa kitandani na umeomba maji. Nimesujudu pale jikoni, halafu nikatapika. Siku hizi natapika kila nikinusa karafuu, na nyumba hii hata mito ya kulalia inanukia karafuu.

Sitazunguka. Barua ya Gati iliponifikia, ile habari ya chai iliyokuamsha, nilikaa nayo nikashindwa kuimeza. Nikaenda stoo. Nyuma ya gunia la karafuu nikakuta kiroba kimejaa karatasi za vidonge, zile za kung'aa, tupu zote. Yale "magadi ya Butiama", dada! Mimi ndiye niliyekuwa nayachekecha mpaka yanakuwa laini kama poda ya mtoto, nikijisifu kwamba hayana punje. Nikampelekea mwenye duka la dawa karatasi moja, nikajifanya nimeiokota. Akaniambia ni dawa halali ya sukari, ila hupewa mtu kwa kipimo na kwa kuangaliwa, kwa sababu inashusha hata kama hujala, na mtu mzima mwenye figo zilizochoka inaweza kumlaza moja kwa moja. Jasho, kutetemeka, njaa, hasira, kuongea ovyo. Alikuwa anasoma barua yako bila kuiona.

Nikamuuliza Abdulsalam. Alikuwa anakula. Hakuacha kula. Akasema, "Kwani haishuki? Watu wanataka ishuke, nami nawashushia." Akachovya tonge.

Nami nikamficha. Nikakuandikia mizizi imekauka. Niliona aibu ya mume, aibu ya duka, aibu ya mikono yangu, nikaona uongo mdogo utatosha kukuokoa, na kumbe nilikuwa namwokoa yeye. Ningeandika neno moja tu la kweli, lile kopo kubwa usingeligusa. Najichukia kuliko ninavyomchukia.

Siku ile ya stendi nilipotoka kuandika barua ya Said sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwa wakaguzi wa dawa na kopo na kiroba. Wamefunga duka. Abdulsalam amewekwa ndani, ndugu zake wamenitumia maneno ambayo sitayaandika kwenye karatasi utakayoshika wewe. Kila asubuhi nasimama mlangoni pa duka lililofungwa na kuwaambia ukweli waliotoka mbali kurudia unga. Unadhani wananishukuru? Mama mmoja amenitemea mate. "Yangu imeshuka vizuri tu, wewe unataka ipande?" Ninamwonea huruma, na ndani yake ninakuona wewe. Wengine hawakuja, na sijui kama ni kwa sababu wamesikia au kwa sababu walilala wasiamke, wakaitwa wamepumzika.

Nataka kuja, lakini sijui kama mlango wako bado ni wangu. Niambie lolote, hata tusi.

Shani

*

Mwigobero, Musoma
14 Aprili 2024

Shani,

Mwandiko huu ni wa Gati. Said alimfuata Butiama mwenyewe, kwa miguu ya adabu, na baba mkwe alimkalisha nje tangu asubuhi mpaka jioni ndipo akamjibu salamu. Nimefurahi sana. Mkono wangu wa kulia unatetemeka, hauwezi kalamu. Wanasema huenda ukarudi, huenda usirudi. Maneno nayo yamenitoka. Juzi nilirudi sokoni kukaa tu, mteja akaniuliza bei ya yule samaki mkubwa, mnene, anayekaangwa, na mimi nikamtazama samaki, naye samaki akanitazama. Jina hakuna. (Anamaanisha sangara, mama mdogo. Aliporudi nyumbani alilia. Gati.)

Usiandike kwamba nililia. (Ameniambia nisiandike. Gati.)

Barua yako nilisomewa mara tatu. Mara ya kwanza nilikuchukia. Mara ya pili nilikuchukia zaidi, pale kwenye tonge. Nilihisi kinyaa, Shani, kama mtu aliyeambiwa baada ya kushiba kwamba alichokula kilikuwa na funza. Mumeo alinipiga picha! Nilitabasamu! Uso wangu umo kwenye makopo, na kuna mtu huko amekunywa kwa kuniamini mimi. Gati ameshabandika tangazo hapa sokoni, jina langu kubwa juu, kwamba Bi Tausi hakupona.

Nimerudi kliniki. Safari hii nilimpeleka Gati awe masikio yangu. Yule nesi Tabitha akatoa kopo, nikanusa, nikamwambia, "Binti, mbona hivi navyo vimeoza?" Akacheka mpaka akaomba radhi. Kumbe shombo ndiyo harufu yake. Vidonge vizima, vipya, vya kiwandani, vinanuka hivyohivyo tangu vinazaliwa. Wengi hupewa na hawasemi kitu, mpaka aje mwanamke wa dagaa awape hukumu. Na kuhara, kumbe aliniambia siku ileile nimeze katikati ya chakula, nianze na kidogo, na likizidi nirudi anibadilishie. Ndiyo yale maneno niliyoyaitikia. Sasa amenipa vya aina inayoyeyuka taratibu. Tumbo bado linanung'unika, gesi ipo, sitakudanganya. Kila mwaka watanipima damu na figo, maana hata hivi vikikaa sana mwilini vina mambo yake. Ninabana pua, ninameza, ninamlaani aliyevitengeneza, ninaendelea kuishi.

Pua yangu hii, Shani. Imehukumu mizigo ya ziwa zima. Ikatupa kilicho kizima kwa sababu kinanuka, ikameza kilichooza kwa sababu kinanukia. Lakini unajua kilichoniuma kuliko vyote si unga. Unga ulikuwa wa mumeo, na mumeo si damu yangu. Ni ile barua yako fupi ya mizizi kukauka. Niliishika, nikaisogeza puani kama ninavyofanya na barua zako zote, ikanukia hiliki. Uongo wa ndugu hauna shombo. Ungekuwa nayo ningeujua.

Basi. Nimeyasema, yametoka, na hayakuwa na chumvi wala sukari.

Unauliza kuhusu mlango. Njoo. Gati atakungoja stendi. Tutakunywa chai, wewe ya chupa ya bluu na mimi ya nyekundu, na bakuli la sukari litakaa katikati yetu, maana sasa kila mtu hapa nyumbani anajua ni lini ninalihitaji. Ila nakuomba jambo moja. Usijipake udi. Usijipake marashi. Kanga usizifukize. Panda basi ukae karibu na injini, uje unanuka jasho na vumbi la safari, nikukumbatie nijue ni wewe.

Dada yako,
Tausi